Sulisuli wa Mikono Minne

"Mwanangu alikwenda kutembea, Bi Mahfoudha, hakwenda kubeba matofali! Basi nieleze, haya malengelenge yametoka wapi?"

"Mimi niyajuaje, Mama Purity? Kwani nilikuwako baharini?"

"Hukuwako. Lakini mdomo wako tangu jana umezunguka Mtopanga nzima. Sulisuli, sulisuli! Hata muuza maziwa kaambiwa."

"Na ataambiwa tena! Mjukuu wangu kavuta samaki mrefu kuliko mlango huu, peke yake, kisha ninyamaze? Ninyamaze kwa nini, nimeiba?"

Kila Jumapili asubuhi wanawake hawa wawili hufua nguo kwenye bomba moja la uani, katikati ya milango yao inayotazamana, wakipashana habari za mtaa mpaka kamba zijae. Jumapili hii nguo za Selpher, yaani Mama Purity, zilikuwa bado kavu ndani ya beseni. Alikuwa amemshika binti yake mkono, kiganja juu, ili kila mwenye macho aone. Na wenye macho hawakukosekana. Majirani walikuwa wameshatoka na vikombe vyao vya chai, kila mmoja akijifanya amefuata jua.

Nyuma ya pazia la dirisha, Samah, mjukuu mwenyewe, alikuwa amelala chali akisikia kila neno. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na asubuhi hiyo hata kuusogeza mto hakuweza. Mabega yalimuuma, kiuno kilimuuma, vidole havikukubali kukunjika. Uchovu huo angeuvumilia. Uliomlemea hasa ni ule wa jambo alilolibeba moyoni tangu jana bila kupata pa kulitua.

Babake, Barakat, alikuwa na duka la vyuma Bamburi. Siku za kazi aliuza misumari, mabati na rangi. Siku ya mapumziko hakupumzika: alikwenda Mtwapa, akawasha mashine ya boti yake kuukuu, akatoka mbali hadi nje ya miamba, maji yanapoacha ukijani na kuwa buluu nzito. Hakuvua ili auze. Alivua kwa mapenzi tu, kama wengine wanavyopenda mpira. Huko alirambaza: boti huenda mwendo wa pole, nyuma ikikokota mishipi mirefu yenye vyambo vya plastiki vinavyorukaruka juu ya maji mfano wa samaki wadogo wanaokimbia. Wakubwa wakiviona, huvifuata.

Barakat na wenzake wenye mapenzi hayo walikuwa na chama chao, na kila likizo ya Desemba chama kiliandaa mashindano ya watoto. Sheria yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Mtoto anavuta samaki wake mwenyewe. Mtu mwingine akigusa ufito wa kuvulia au mshipi kabla samaki hajafika ubavuni mwa boti, samaki huyo hahesabiwi. Tena sulisuli hauawi. Hudungwa kitambulisho kidogo mgongoni, kisha huachiwa aende zake. Mshindi hupewa kikombe, na jina lake huchongwa kwenye ubao uliotundikwa ukutani mwa chama. Samah aliusoma ubao ule tangu alipojua kusoma. Wavulana watupu. Hakukuwa na jina la msichana hata moja.

Kwa hiyo Jumamosi alipanda boti na babake, akamchukua na rafiki yake Purity amsindikize.

Asubuhi nzima hawakupata kitu. Jua liliwapiga, moshi wa mashine uliwapiga, na mawimbi yaliwainua na kuwashusha mpaka Purity akawa hana rangi usoni.

"Hii ndiyo raha yenu?" Purity aliuliza, kichwa amekiegemeza kwenye kikapu cha chakula. "Kwani nyumbani nilikosa nini?"

Kabla Samah hajamjibu, kigurudumu cha mshipi wa kulia kikalia kwa sauti kali. Ufito ukapinda. Mbali nyuma yao sulisuli akaruka, pezi lake la mgongoni limetanuka kama kitambaa kilichoanikwa, mdomo mrefu unakatakata hewa, kisha akazama.

"Wako huyo!" babake alipiga kelele kutoka kwenye usukani. "Kaa kitini! Mvute akilegea, mwache akikimbia!"

Samah alivuta. Samaki akakimbia na kumnyang'anya mshipi wote alioukusanya. Akavuta tena, akanyang'anywa tena. Mikono ilikufa ganzi, mwisho akawa hajui kama bado ameshika kitu. Mbele ya boti kulikuwa na maboya ya nyavu za wavuvi, na babake hakuweza kuyaondolea macho, maana mshipi ungeingia kwenye nyavu hizo kila kitu kingeharibika.

"Purity," Samah alinong'ona huku machozi yanamtoka. "Nishikie. Ninaachia!"

Purity, na kichefuchefu chake, aliruka akaushika ufito. Samah alikuwa amevaa glavu, Purity alikuwa mikono mitupu. Alishika, akakaza meno, akazungusha kile kigurudumu, naye Samah ameinamia magoti yake anatafuta pumzi. Ngozi ya viganja vya Purity ikachunika lakini hakuachia. Samaki alipoanza kulegea, Samah aliinua kichwa, akaurudisha ufito mikononi mwake na kuimaliza kazi.

Babake alipokuja nyuma, alimkuta binti yake peke yake na ufito, na sulisuli amelala ubavuni mwa boti anang'aa. Barakat alimdunga kitambulisho, akamwachia, akamtazama akipotea chini.

"Umemvuta peke yako?" aliuliza, uso wote unacheka.

Samah aliuona akilini ule ubao wa chama. "Ndiyo, Baba."

Purity alitazama viatu vyake.

Wakarudi Mtwapa na kibendera kinapepea juu ya boti, watu wakapiga makofi, na kabla ya magharibi Bi Mahfoudha alikuwa ameshaalika uani kote waje kesho yake kula biriani ya ushindi.

Sasa sauti za uani zilipanda.

"Huyu Purity wangu huongea hata usingizini," Selpher alisema. "Tangu jana nikimuuliza ya baharini, kimya. Mtoto wangu namjua mie. Kuna neno hapa."

"Neno gani? Sema waziwazi. Unataka kusema mjukuu wangu mwongo?"

"Sijasema mwongo. Nauliza mikono ya mwanangu ilifanya kazi gani kwenye ile boti."

"Unauliza, unauliza! Umenichosha, Mama Purity. Nikuapie ndipo ulale?" Bi Mahfoudha alifuta povu la sabuni kwenye kanga, akauinua mkono wake wa kulia mbele ya watu wote. "Haya basi, sikilizeni nyote. Wa..."

"Bibi, usiape!"

Samah alikuwa amesimama mlangoni, amejishikiza kwenye fremu. Hakujua ametokaje kitandani.

"Usiape, Bibi. Purity alinishikia ufito. Nilishindwa, yeye akashika. Peke yangu nisingemweza yule samaki."

Maji ya bomba yalikuwa yakimiminika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Bi Mahfoudha aliushusha mkono polepole, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa.

"Ya Rabi," alisema. "Nusura nimtaje Mungu kwa uongo, na umri wangu huu."

Selpher alimgeukia binti yake. "Na wewe mbona hukuniambia?"

"Ni rafiki yangu, Mama," Purity alijibu. "Na alinililia."

"Basi muuza maziwa arudishwe aambiwe upya," alisema Tinga, jirani wa chumba cha pembeni, na wawili watatu wakacheka. Selpher hakucheka. Alimshika mwanawe begani, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Nguo zikabaki pale pale kwenye beseni.

Barakat alikuwa ameshatokea, taulo shingoni. Alikuwa amesikia yote. Hakupaza sauti, na Samah angeona nafuu kama angepaza.

"Vaa," alisema. "Kikombe kinatolewa mchana. Twende kabla hawajachonga jina."

Ndani ya pikapu, walipokaribia daraja la Mtwapa, Samah akafungua mdomo.

"Baba, watu wote wataniona mwongo."

"Watakuona, ndiyo. Nami wataniona mjinga, maana jana niliwasimulia kila mtu." Alipumua kwa kishindo. "Tutakwenda hivyo hivyo."

Kwenye banda la chama, viti vilikuwa vimepangwa na kikombe kimepanguswa mpaka kinameta. Mzee Ruwa, mwenyekiti, aliwapokea kwa mikono miwili.

"Karibu bingwa! Msichana wa kwanza!"

"Shikamoo," Samah alisema. Alikuwa amejipangia maneno mengi, yakapotea yote. "Mzee, samaki si wangu. Nilichoka, rafiki yangu akanishikia ufito. Baba hakuona, kisha nikamdanganya."

Mzee Ruwa alimtazama babake, akamtazama yeye. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Mwenzio alishika kwa muda mrefu?"

"Mpaka nikapata pumzi."

"Basi samaki huyo tutamwondoa kwenye hesabu." Alisema kwa upole, lakini alisema. "Umekuja mwenyewe, hilo nimeliona. Ila sheria sikuiweka mimi na siwezi kuikunja. Kaeni, mwone wenzenu."

Kikombe kilikwenda kwa Munga, mvulana wa Mikindani, aliyevuta jodari asiyezidi urefu wa mkono wake. Munga alikipokea kwa aibu, akimwangalia Samah kwa pembe ya jicho. Ikabidi Samah apige makofi. Kila kofi lilimfika begani. Alipiga mpaka wengine wakaacha.

Wakati wa kurudi, jua lilikuwa kali na magari yamesimama foleni. Barakat alizima mashine, akaegemea usukani.

"Samah."

"Abee, Baba."

"Ukidhani nimekasirika kwa sababu ulishindwa na samaki, umekosea. Sulisuli ameshanishinda mimi mara nyingi, na wewe ungeniita tu ningekwambia tumwache. Kuchoka hakuna ubaya. Mimi mwenyewe hapa nimechoka. Lakini mwenzio alikuja kukutua mzigo, wewe ukasema mzigo uliubeba peke yako. Umemtoa yeye kwenye habari. Hebu fikiri, tangu jana mtaa mzima unakusifu, naye amekaa ndani anauguza viganja, wala hakuna aliyemwambia ahsante. Kikombe utakipata mwaka mwingine ukijitahidi. Mtu akikusaidia, mtaje. Usipomtaja, siku nyingine ukipiga kelele hatakuja mtu."

Samah alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nyumbani, biriani ilikuwa imeiva. Mchele ulikuwa umeshaloweshwa na nyama imeshakolezwa viungo kabla ugomvi haujaanza, na Bi Mahfoudha hakuwa mwanamke wa kumwaga chakula. Mikeka ilitandikwa ukumbini. Majirani walisimama uani wakiwa wamevaa vizuri na hawajui waingie au waondoke, maana sherehe haipo tena na harufu ya biriani bado ipo. Mlango wa Selpher ulikuwa umefungwa.

Samah alipita katikati yao wote, akausimamia ule mlango.

"Hodi."

Akabisha tena, na mlango ukafunguka nusu.

"Shikamoo, Mama Purity."

"Marahaba," Selpher alijibu kwa sauti iliyolegea. "Samah, nimechoka. Nimechoka nawe, nimechoka na nyanyako, na nguo zangu hazijafuliwa. Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nimerudisha... yaani, sikukichukua kikombe. Nimewaambia kule." Purity alikuwa ametokeza nyuma ya mamake. Samah akasema kwa nguvu, ili uani kote wasikie. "Purity, wewe ndiye uliyemzuia yule samaki. Ungeachia, angekwenda. Ahsante. Ilinipasa kusema jana, sikusema."

"Na baharini mimi sirudi tena," Purity alisema. "Nikwambie mapema."

Tinga alicheka, na safari hii hakucheka peke yake. Selpher alijizuia, akajizuia, kisha mdomo ukamsaliti. Hata hivyo hakutoka. Mkono wake ulibaki juu ya kitasa, naye akawa anatazama ng'ambo, kwenye mlango wa Bi Mahfoudha, kama mtu anayesubiri kusikia jambo moja tu.

Bi Mahfoudha alitokeza na upawa mkononi, jasho linamtiririka. Aliwatazama wageni wake walioganda uani, akamtazama jirani yake.

"Mama Purity," aliita. "Asubuhi uliniuliza la haki, nami nikakupigia kelele. Nisamehe, mwanangu. Sasa nimesimama jikoni tangu tulipoachana bombani na miguu haina nguvu ya kukubembeleza. Ingia ule. Na huyo Purity mlete mbele, akae hapa karibu yangu, apakuliwe wa kwanza."