Moshi Usiomezwa

Niliombwa ndimu tu. Marie-Jeanne alinipigia simu jua likielekea kuzama, akasema ndimu za chai ya mumewe Hyacinthe zimeisha, nipitie sokoni kabla wauzaji hawajafunga. Nikiwa karibu kukata, akaongeza kwa sauti ya chini.

"Na iko muzee mumoja hapa. Ameleta sigari. Uje uonje, weye ndiyo unajua."

Nisingekataa. Mama yetu alifariki nikiwa bado natambaa, na mgongo ulionibeba ni wa dada yangu Marie-Jeanne. Alinilea, akanichapa, akanisomesha. Hata leo akiniambia kaa, nakaa kwanza, halafu ndipo nauliza kwa nini.

Kuhusu sigari, wacha niseme mapema, maana najua mtacheka. Naongelea zile nene, za majani matupu yaliyoviringwa kwa mkono. Sigara za karatasi ni takataka na siziongelei. Nafanya kazi katika hoteli moja ya ufukweni hapa Uvira, na mgeni akitaka sigari baada ya chakula, mimi Léa ndiye ninayemchagulia, pamoja na kinywaji cha kwenda nayo. Iliyo kali naiwekea romu nyeusi yenye utamu. Iliyo laini naipa kahawa ya milimani, bila sukari. Nilijifunza hayo Bujumbura, na wanaume walionicheka mwanzoni sasa hawathubutu kuagiza kabla sijapita mezani kwao. Sina mume, sina mtoto, sina shamba. Nina pua na ulimi. Vikiondoka hivyo, nimekwisha.

Nikanunua ndimu, nikapanda Kilibula, mtaa anaokaa dada yangu.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Harufu zilinipokea moja moja kama kawaida: makaa ya jirani, ndagala, dagaa wa ziwani, wanaokaangwa, mtaro ulioziba, sabuni ya nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Halafu nikamsikia Hyacinthe. Shemeji yangu alikuwa mnunuzi wa mpunga kule Bwegera, mtu wa kubeba gunia huku anaimba. Tangu msimu uliopita alikuwa amelala nyuma ya pazia la sebule, anakohoa. Kikohozi kifupi, kingine kifupi, halafu kirefu kinachokuvuta hata wewe mwenyewe kifuani. Hospitali zilikuwa hazijui cha kumfanyia.

Muzee alikuwa amekaa uani, kiti kikiegemea ukuta, na Marie-Jeanne amesimama pembeni yake akijifuta mikono ambayo haikuwa na maji. Yule mtu alinisalimia kwa Kiswahili. Jirani akapita nje ya lango, akamsalimia kwa Kirundi. Mwingine kwa Kifuliiru. Muzee alimjibu kila mmoja kwa lugha yake, vizuri, na kila moja aliisema kama mtu aliyetoka mahali pengine.

Akanipa mkono. Mimi mtu nikimsalimia namnusa, ni tabia ya kazi, sijizuii. Nikainama kidogo.

Hakuwa na harufu.

Jasho hakuna. Sabuni hakuna. Nguo zake zilikuwa za zamani, zingepaswa kunuka sanduku, zingepaswa kunuka kitu chochote... Hata ukuta una harufu. Hata maji ya ziwa.

Nilipaswa kuziacha zile ndimu mlangoni na kurudi. Lakini dada yangu alikuwa ameshavuta kigoda. "Kaa, mudogo yangu," akasema. Nikakaa.

Sigari ilikuwa moja tu, nyeusi, haina kikaratasi cha jina kiunoni. Siwezi kuisema vibaya. Jani la nje lilikuwa laini, mkono ulioiviringa ulijua kazi. Nikakata ncha, nikaivuta bila moto kama ninavyofanya siku zote, nikapata zabibu kavu na ngozi mpya ya viatu. Nikamtazama muzee kwa heshima. Pua yangu ilikuwa imeanza kumsamehe.

Kwetu hakuna anayekupa kinywaji bila kukionja mbele yako. Watu wanaogopa karuho, ile sumu inayomla mtu polepole, na mwenye nyumba anayesahau desturi hiyo atakunywa peke yake mpaka kufa. Marie-Jeanne hakusahau. Alimimina kasigisi, pombe ya ndizi iliyokaa sana mpaka ikawa nyekundu, akanywa funda zima.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona, yaya," nikajibu, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

Akachukua maji, akasukutua, akatema chini ya ukuta. Muzee akawasha kiberiti cha kijiti. Marie-Jeanne akaiwasha ile sigari, akavuta taratibu, akatoa moshi, akanipa. Niliona fahari, nawaambia ukweli. Kusukutua kati ya kinywaji na moshi nilimfundisha mimi mwenyewe, ili kila kimoja kionjwe peke yake kabla ya kuoanishwa. Nikafikiri, kumbe alikuwa ananisikiliza.

Nikanywa kasigisi. Sikusukutua, kwa sababu mimi nilikuwa nimeitwa kuonja vyote viwili pamoja. Nikavuta.

Moshi wa sigari haumezwi. Unauzungusha mdomoni, unauacha ugongane na kinywaji, unautoa. Hilo ni la kwanza kabisa ninalomwambia mgeni.

"Sema," muzee akanong'ona. "Sema yote yenye uko nasikia."

Nikasema, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nikasema kahawa. Nikasema samli, ile ya kienyeji iliyotulia kwenye kibuyu. Ndizi na moshi vilikuwa vinashikana vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuoanisha, na sikuwa na haraka tena.

"Endelea."

"Udongo wa shamba la mpunga. Mvua ya kwanza."

Nyuma ya pazia Hyacinthe alikohoa. Kifupi. Kifupi.

"Endelea."

"Magunia. Vumbi ya magunia. Na..." Nikasita. Chini ya vyote kulikuwa na kitu kingine, chenye uchachu, na ulimi wangu ulikuwa unakijua. "Mafuta ya kuchua kifua. Shuka yenye kuloa jasho. Mutu mwenye amelala sana mahali pamoja."

Nikamtazama dada yangu. Alikuwa ametazama chini.

"Taja yeye," muzee akasema polepole.

Nisingetaja kama ningefikiri. Lakini mimi nikionja sifikiri, ninataja.

"Hyacinthe," nikasema.

Moshi ukashuka.

Sikuumeza. Ulishuka wenyewe, mzito, ukapita kooni, ukafika chini kabisa... ukakaa.

"Umependa?"

"Nimependa," nikajibu, kwa mazoea, kama ninavyowajibu wenye hoteli kila wanaponiuliza.

Kile kikohozi kirefu nyuma ya pazia hakikuja. Nilikuwa nakisubiri, mtaa mzima nadhani ulikuwa unakisubiri. Halafu sauti ya Hyacinthe, ile ya zamani, ya mtu wa magunia.

"Marie-Jeanne? Hakuna chakula hapa nyumbani?"

Dada yangu aliangusha bilauri, akakimbilia ndani akilia. Alinipita bila kunitazama. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu, na komeo la lango lilikuwa limefungwa kwa ndani kama nilivyolifunga mwenyewe nilipoingia. Nikaondoka peke yangu. Nilipofika barabarani nilikohoa mara ya kwanza.

Asubuhi kahawa yangu ilikuwa maji ya moto. Nikachukua sigari yangu bora, nikaiweka puani. Hakuna. Nikanusa sabuni, kitunguu, kwapa langu. Hakuna. Nikakaa chini jikoni nikalia kama mtoto, na kilio kikageuka kikohozi. Kifupi, kifupi, kirefu. Daktari alipiga picha ya kifua changu, akasema kiko kisafi, nipumzike. Hotelini walinivumilia kidogo, kisha wakanipeleka kufua mashuka.

Nikarudi Kilibula. Hyacinthe alikuwa amekwenda Bwegera kufuata mpunga. Marie-Jeanne alikuwa anachambua mchele, na aliponisikia ninakohoa langoni, mikono yake ilisimama.

"Juu ya nini minye?" nikamuuliza, kwa nini mimi na si mwingine.

Aliusukuma mchele pembeni. "Pombe peke yake haina kitu," akasema. "Moshi peke yake hauna kitu. Alisema vikutane mu kinywa ya mutu moja, na ule mutu ataje jina ya mugonjwa yeye mwenyewe, na aseme amependa."

"Ni nani ule muzee?"

"Sijue, Léa. Alikuwa anapita kwa barabara. Akasimama, akasema iko nasikia mugonjwa wangu. Alikuya na majani ya tumbaku, akasema niyalaze chini ya mugongo ya Hyacinthe mpaka yajae ugonjwa, halafu akayaviringa ile sigari."

"Na ukaniita minye."

"Alitaka mutu mwenye hawezi kunikatalia. Nani mwingine niko naye?" Akainua uso. Macho yalikuwa makavu. "Minye niko na batoto wa kulisha. Weye hauna mutoto, hauna bwana. Nilijiuliza, nani atakulilia? Nikaona ni minye tu. Na minye nitakulilia, mudogo yangu. Nitakulilia vizuri."

Nilitaka kumpiga. Kilichoniuma zaidi ya kifua ni kwamba alisema kweli, na kwamba alinihesabu mimi, mtoto wa mgongo wake, akaona naweza kupunguzwa. Nikageuka nikatoka. Sijakanyaga tena uani kwake.

Lakini ananipigia. Kila giza linapoingia simu inaita, na mimi napokea, sijui kwa nini napokea. Haulizi habari ya kazi. Anauliza kama nimekula, kama nimepata usingizi, halafu anauliza kile anachotaka kujua.

"Kikohozi?"

Jana nilimwambia kweli. Nilimwambia tangu asubuhi sijakohoa hata mara moja. Niliamka kifua ni chepesi, na nilipokuwa nakunja mashuka nilihisi, kwa mbali sana, harufu ya jua kwenye pamba. Nilikaribia kucheka nikimwambia.

Nikasikia pumzi yake imekatika. Nyuma yake, ndani ya nyumba, nikasikia kikohozi kifupi.

Kifupi.

"Yaya?"

"Kohoa," akanong'ona. Alikuwa ameusogeza mdomo karibu sana na simu, kama alivyokuwa akinibembeleza usiku wa radi. "Léa, mutoto yangu. Nakuomba. Kohoa."

Niliuma meno. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, simu ikaanguka kitandani. Lakini hiki kifua kimemtii Marie-Jeanne tangu utoto wangu, na kikamtii tena.