Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani

Kila asubuhi baba hufungua karakana yake ya baiskeli kabla mama hajamaliza kuchemsha chai. Mimi humsaidia kutoa nje baiskeli za wateja, kisha hupanda yangu kwenda shule. Ndivyo ilivyokuwa mpaka homa ya matumbo iliponilaza wiki tatu. Nilikonda hadi sketi ikawa inanivuka.

Muuguzi wa kliniki aliniambia nimepata nafuu, ila nimalize dawa na nisipande baiskeli kwa wiki mbili zaidi. Wiki mbili! Nilikasirika kweli. Miguu ni yangu, si yake.

Jumamosi mama alinituma sabuni dukani. Mdogo wangu, ambaye tunamwita Kupe kwa jinsi anavyong'ang'ania watu, akanifuata. Tulipopita karakanani, baba alikuwa ndani ameinama, anatafuta spana. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemezwa ukutani, kitambaa chekundu kimefungwa kwenye usukani.

Kwetu kila mtu anajua maana ya kitambaa kile: baiskeli haijakamilika, usiiguse. Lakini yangu ilikuwa nzima nilipougua! Nikajiambia, baba ananitisha tu kwa sababu ya maneno ya yule muuguzi. Nikakifungua, nikakitia mfukoni.

"Dada, baba ameruhusu?" Kupe akauliza.

"Ameruhusu. Panda, na ufunge domo."

Uongo huo ulinitoka hivi hivi, bila haya. Kupe akapanda kwenye keria, akanishika kiuno. Barabara yetu inateremka hadi njia kuu ya malori. Mwanzoni nilicheka kwa raha. Kisha nikabonyeza breki.

Wapi! Nikabonyeza tena kwa nguvu zote. Baiskeli ndiyo kwanza inazidi mbio. Mbele yetu lori lilipita likipiga honi, na jingine lilikuwa linakuja. Nilishusha miguu niburuze chini, ikatetemeka, haikuwa na nguvu hata kidogo.

"Dada, simamisha! Simamisha!"

Kabla ya njia kuu kuna seremala ambaye hurundika maranda nje. Nikakata usukani, tukarushwa, tukazama ndani ya maranda. Nilipoinua kichwa, Kupe alikuwa kimya.

"Kupe! Kupe, jamani!"

Akakohoa, kisha akaangua kilio. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Baba alifika mbio, spana mkononi. Alimkagua Kupe, akaona amechubuka kidevu tu. Kisha akaitazama baiskeli.

"Raba za breki nilizitoa Jumatano, nikamfungia mteja," alisema. "Kitambaa kiko wapi?"

Nikakitoa mfukoni. Baba akakaa palepale chini.

"Nilidhani umekifunga kwa sababu ya ugonjwa wangu," nikasema huku nalia. "Na Kupe nilimdanganya kwamba umeruhusu."

"Nilikuwa hatua tano kutoka kwako, mwanangu. Ungeniuliza tu. Hukujua, ukajipa jibu ulilolitaka mwenyewe. Na muuguzi hakukuonea. Umeona miguu yako ilivyo?"

Nilimaliza dawa zote, na wiki mbili zilipotimia, baba alifunga raba mpya mbele yangu. Nikapanda, nikazunguka uwanja, nikabonyeza breki. Baiskeli ikasimama papo hapo.

"Kupe, njoo nikupakie!" nikaita.

Kupe akarudi nyuma, akajificha nyuma ya baba. Nilimbembeleza, wapi. Yule mtoto asiyeniachia hata nikienda kuoga!

"Usimlazimishe," baba akasema, akifuta mikono. "Breki nimezifunga kwa nusu saa. Kukuamini tena kutamchukua muda mrefu zaidi, na kazi hiyo siwezi kukufanyia mimi."

Nikazunguka uwanja tena, peke yangu.