Kilo Tatu za Avelina

Kila baada ya wiki tatu, Avelina na baba yake, Fabiani, walipanda lori la mahindi kutoka Mpui hadi hospitali mjini Sumbawanga, Avelina atundikiwe dripu ya dawa. Hii ilikuwa safari ya tano. Avelina, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa na uvimbe wa saratani kwenye taya. Uvimbe ulikuwa umepungua, lakini mtoto alichoka hata kuzungumza.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Panda kwenye mizani, unisomee," alisema muuguzi, Sista Bertilla, huku akitafuta faili.

Mshale ulisimama kwenye ishirini na tano. Safari iliyopita ulifika ishirini na nane. Baba akamnong'oneza, "Mizani zote huiba. Ongeza tatu." Tangu wafanyabiashara binafsi waanze kununua mahindi kwa mizani zao, hakuna mtu wa Mpui aliyekubali kilo za mizani bila kuongeza.

"Ishirini na nane," Avelina alisema.

Sista akazidisha kilo hizo kwa urefu wa Avelina, sentimita mia moja arobaini na nne, akagawanya kwa elfu tatu mia sita, kisha akatafuta kipeuo cha pili.

"Hesabu ya nini, Sista?"

"Eneo la mwili wako wote. Ndilo linaloniambia kiasi cha dawa. Ni dawa kali, mwanangu. Ikizidi inakuumiza, ikipungua uvimbe unarudi."

Avelina akaitazama dripu iliyokuwa ikimsubiri. "Sista, nimesema uongo. Ni ishirini na tano."

"We mtoto!" Fabiani alifoka. "Mizani yao ndiyo inayodanganya!"

Sista alileta kutoka jikoni mfuko wa unga wa kilo tano, haujafunguliwa, akauweka juu ya mizani. Mshale ukasimama kwenye tano.

Fabiani akaketi polepole. "Kumbe mwanangu anakonda kweli."

Daktari aliitwa, akakuta vidonda mdomoni. Avelina alikuwa hali chakula, wala hakuwa amemwambia mtu. Alilazwa, akapewa dawa ya vidonda na uji wa maziwa. Siku ya sita alipimwa upya, hesabu ikarudiwa, ndipo akatundikiwa dripu.

"Baba Avelina," alisema Sista, "mfanyabiashara akikuibia kilo, unapoteza mahindi. Ukiniongezea mimi kilo, simwoni tena mgonjwa wangu alivyo. Kweli inatisha, najua. Lakini siwezi kutibu nisichoambiwa. Mwanao amelijua hilo kabla yako."

Fabiani alimfunika binti yake blanketi. "Nimesikia, Sista."