Betri ya Tresor

Haya yalimpata rafiki yangu Julienne, Mkongomani anayeuza vitenge katika soko la Wandegeya.

Mwanawe Tresor alipofariki, aliacha laptopu yake ya gemu. Julienne hakutaka iguswe kabla ya kuondoa matanga. Aliiacha mezani, imefungwa, imechomekwa kwenye umeme kama marehemu alivyoizoesha. Lakini kila akirudi kutoka sokoni, alikuta betri inakaribia kuisha.

Akaipeleka kwa fundi Shakib.

"Mama, betri ni nzima, na chaja pia," Shakib alisema baada ya kuipima. "Ila chaja ni ndogo. Mtu akicheza gemu, mashine inakula umeme mwingi kuliko unaoingia, kwa hiyo betri inashuka hata ikichomekwa. Mwambie mwanao apunguze mwanga wa skrini."

"Na asipocheza?"

"Asipocheza, inajaa tu."

Julienne alishukuru, akaibeba kifuani hadi nyumbani.

Jumamosi aliichomeka tena, akafunga mlango na kwenda sokoni. Aliporudi, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima na chumba kilikuwa giza. Feni ya laptopu ilikuwa inavuma. Ikapungua polepole, ikanyamaza.

"Tresor?" aliita, kama alivyomwita chakula kikiwa tayari.

Akapapasa hadi mezani, akafungua kifuniko. Vitufe vyote vilikuwa baridi, isipokuwa vinne vya kushoto, vile ambavyo Tresor alivibonyeza mpaka herufi zikafutika. Hivyo vilikuwa na joto la mkono ulioondoka sasa hivi.

Julienne akaweka vidole vyake hapo, akavishikilia vile vitufe mpaka vikapoa.