Njia ya Sita

Saa nne kasoro robo asubuhi, njia ya sita ilionyesha kwamba data zinapita. Mhandisi akaweka kikombe chake cha chai chini. Njia ile ilikuwa imechomolewa tangu wiki iliyopita.

Akampigia fundi wa kebo, ambaye kazini wote walimwita Sindano kwa wembamba wake.

"Sindano, njia ya sita uliichomoa kweli?"

"Kwa mkono wangu. Ncha yake hii hapa mezani, naitazama."

"Basi imejaa pomoni."

Sindano akacheka. Mhandisi hakucheka.

Kazi yake ilikuwa kuongoza data kwenye njia kuu za mtandao wa nchi nzima. Kila njia aliipa namba ya uzito, na data hufuata njia nyepesi. Moja ikielemewa, huiongezea uzito, mzigo ukahamia kwingine. Sasa njia ya sita akaipa uzito mkubwa kabisa. Badala ya kuihama, data zikazidi kuikimbilia. Zilifika zilikokwenda, ila kwa kuchelewa kidogo, kama kitu kilichoshikwa mkononi kwanza, kikageuzwageuzwa, ndipo kikaachiwa. Chumba cha mitambo, kikavu siku zote, kikaanza kunuka udongo mbichi. Feni zikawa zinavuta pumzi pamoja, zinatua, zinavuta tena.

Adhuhuri mama yake akapiga simu.

"Mwanangu, uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu, mama."

"Kuna mtu anapumua katikati yetu." Kisha mama akasema kwa sauti ya kitoto ambayo binti yake hakuwahi kuisikia: "Ananiita kwa jina langu la utotoni. Waliolijua wote tumeshawazika."

"Mama, kata simu!"

Hakukata. Mhandisi alipofika nyumbani alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, simu sikioni, imekwisha chaji, naye anaitikia, "Nakuja, ngoja nivae viatu." Yeye na jirani walipomnyang'anya simu alitetemeka mwili mzima mpaka wakamrudishia. Siku mbili hakula, hakulala.

Siku ya tatu Sindano, kicheko kimemwisha, akamleta shangazi yake, mtu wa kupunga majini. Shangazi alivua viatu mlangoni mwa chumba cha mitambo, akanusa, akaweka kiganja juu ya mtambo kama anayepima homa ya mtoto.

"Kebo ya njia hii mliipitisha wapi?"

"Chini ya korongo," Sindano akanong'ona. "Kulikuwa na pango. Tulichimba humo humo."

"Basi mmepitisha maneno ya watu wote hawa nyumbani kwa mwenye pango, mchana na usiku. Naye amejifunza kupita. Mkimzibia, atahamia kwa mgonjwa moja kwa moja. Mpeni njia yake."

Kulikuwa na kebo moja isiyotumika. Mhandisi akaiwasha, vidole vikimteleza kwa jasho, akaipa uzito wa moja, mwepesi kuliko wote, akaandika amri kwamba data ya binadamu yeyote isiingie humo, na shangazi akaanza kusoma maneno yake kwa sauti ya chini, na harufu ya udongo ikapanda mpaka ikawaziba koo, na taa zikafifia, na feni zikavuta pumzi zikaibana, zikaibana, zikaibana, mpaka Sindano akamshika shangazi yake upindo wa nguo, ndipo zikaiachia zote kwa mpigo mmoja.

Njia ya sita ikasoma sifuri. Jirani akapiga simu kutoka nyumbani: mama ameomba maji.

Ikapita miezi miwili ya amani. Katika ile kebo kitu kilikwenda tu, polepole, upande mmoja, na mhandisi alijizoeza kutoitazama. Mpaka alasiri moja Sindano akamgusa bega na kumwonyesha skrini. Chini ya mstari wa kile kinachokwenda palikuwa na mstari wa pili.

"Kuna kinachorudi," Sindano akasema.

"Mwisho wa kebo kuna mtambo gani?"

"Hakuna mtambo, dada. Inaishia ukutani."

Wakatazama mistari yote miwili ikipanda, taratibu, kwa zamu, kama watu wanaozungumza.