Meno Kumi na Sita

Kila alasiri Chiriku alirudi kutoka shuleni, akavua sare, akala bila kuulizwa mara mbili, kisha akavaa ovaroli la bluu lililokunjwa mikono mara tatu na kuingia gereji ya mama yake kwa hatua za mtu aliyeitwa kuliokoa taifa. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha boliti kwa mafuta ya taa. Jina lake halisi lilijulikana na daftari la mahudhurio peke yake. Kwingine kote aliitwa Chiriku, kwa kuwa asubuhi mdomo wake uliamka kabla ya macho.

Mama yake, ambaye wateja walimwita Fundi, ndiye pekee mtaani aliyekubali bado kutengeneza magari ya zamani, yale ambayo mshale wa spidomita huzungushwa na waya mrefu unaotoka kwenye giaboksi. Mafundi wengine wakiyaona magari hayo hukumbuka ghafla kwamba wana msiba.

Wiki hiyo lililetwa gari la Mkunga. Mama huyu alikuwa amewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa, Chiriku akiwemo, na hakumwacha asahau. Giaboksi ya gari lake ilikuwa imechoka hadi kunguruma, kwa hiyo Fundi akanunua nyingine, iliyotolewa kwenye gari lililokufa.

Kwa heshima ya tukio hilo, Chiriku alipandishwa cheo. Fundi alimwonyesha gia moja ya plastiki, ndogo kama kizibo cha chupa, inayokaa ubavuni mwa giaboksi na kuuzungusha ule waya. Akamweleza kwamba kila gari lina idadi yake ya meno. Gia ikiwa na meno mengi kuliko inavyotakiwa, huzunguka polepole, na mshale nao huonyesha mwendo mdogo. Gari linakimbia, mshale unasema linatembea. Kwa hiyo Chiriku ahesabu meno ya gia ya zamani, ahesabu na ya giaboksi mpya. Yakilingana, wafunge. Yasipolingana, gia ya zamani ihamishiwe kwenye giaboksi mpya.

Katika gereji ile meno hayahesabiwi hivihivi. Jino la kwanza hutiwa nukta ya rangi nyekundu ya kucha, maana chaki hufutwa na grisi, na mtu anayezungusha kitu cha mviringo bila alama anaweza kuhesabu hadi uzeeni.

Chiriku aliitia alama gia ya zamani, akahesabu: kumi na sita. Kisha, kichupa kikiwa mkononi na paka wa gereji akiwa amelala karibu, shetani alimnong'oneza. Paka aliamka akiwa na kucha nyekundu kumi na nane, akatembea gereji nzima kama bibi harusi, na kichupa kikabaki kikavu kabisa. Gia ya pili ilikuwa bado imejaa grisi nyeusi ndani ya tundu lake. Chiriku aliichungulia. Kwa jicho la haraka, alijiambia, ni mapacha. Akaandika kwenye daftari la kazi: ya zamani 16, ya pili 16.

"Umehesabu?" Fundi aliuliza kutoka chini ya gari.

"Nimehesabu, Mama."

Na kweli alikuwa amehesabu. Moja.

Fundi akaifunga giaboksi ile pamoja na gia yake. Kwa kawaida hakumkabidhi mtu gari kabla ya kulijaribu barabarani. Lakini Mkunga alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, kuna mama alikuwa karibu kujifungua, na dunia haimsubiri mtu. Akaondoka akimwombea Fundi baraka.

Jumatatu asubuhi Mkunga alimkuta Chiriku njiani, akampa lifti hadi shuleni. Alikuwa na furaha tele. Alisifu giaboksi kwamba imetulia kama mtoto aliyeshiba, akaeleza kwamba kwa miaka ishirini hajawahi kuandikwa na askari hata mara moja, na kwamba penye kivuko cha shule yeye ni arobaini, hazidishi hata nukta. Chiriku aliitikia huku akihesabu nguzo za kilomita kando ya barabara, kwa kuwa alipenda kuhesabu kila kitu isipokuwa alichoagizwa.

Baada ya nguzo ya kwanza walipita nyingine tano. Kihesabu cha kilomita kwenye dashibodi kilisogea nne.

Chiriku aliinamia dashibodi, akakisoma tena. Mkunga akamuuliza kama anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa anapiga hesabu ya sehemu, ile aliyokuwa akiikimbia darasani. Tano kwa nne. Mshale ukisema arobaini, basi gari liko hamsini. Na mbele yao kilikuwa kivuko, wanafunzi wadogo wamejipanga na mabegi makubwa kuliko migongo yao. Alijua la kusema. Alijua pia kwamba akilisema tu, atarudishwa kwenye boliti hadi atakapoolewa. Alikuwa bado anapima uzito wa mambo hayo mawili askari alipotokea kando ya barabara na kuinua mkono.

Mkunga alisimamisha gari, akasalimia kwa adabu. Askari alimwambia kwamba kipima mwendo chake kimesoma hamsini, mahali pa arobaini, na mbele ya watoto. Mkunga akasema haiwezekani, macho yake yalikuwa kwenye mshale. Askari akatabasamu kama mtu aliyeyasikia hayo tangu alfajiri.

"Mama, kila ninayemsimamisha macho yake yalikuwa kwenye mshale."

"Mwanangu, mimi sijasema uongo tangu uzaliwe. Na nadhani nilikuwepo."

"Basi mmoja wetu ni mwongo, na mashine haina mdomo." Askari akafungua kitabu chake.

Mikono iliyowapokea watoto wasiohesabika ilibaki juu ya usukani, ikingoja kuandikwa kwa mara ya kwanza. Chiriku aliitazama, akaona boliti si kitu.

"Afande, mwongo ni mimi," alisema. "Niliambiwa nihesabu meno ya gia, nikahesabu gia moja, ya pili nikabuni. Mshale wa gari lake unaonyesha mwendo mdogo. Mama Mkunga hakujua."

Askari aliinama dirishani. Alitaka kujua meno gani hayo, na Chiriku akamweleza yote, pamoja na paka. Askari aliingia garini, wakaenda nguzo mbili na kurudi, akalinganisha nguzo na kihesabu, akafunga kitabu. Alisema onyo ni moja tu, na gari litengenezwe leo hii.

Shule ikasubiri. Mkunga aliendesha polepole hadi gereji, Chiriku akiwa naye. Njiani alisema jambo moja: siku ile Chiriku alipozaliwa alilia kwa sauti kubwa, naye Mkunga akajua mtoto huyu hatashindwa kusema.

Fundi alisimuliwa yote na Chiriku. Akaitoa gia ile, akaipangusa, akaiweka karibu na ya zamani. Meno ishirini. Zikiwa ubavu kwa ubavu, hata kipofu angejua ipi kubwa. Alimwomba radhi Mkunga kwanza kwa kosa lake mwenyewe, kwamba aliachia gari bila kulijaribu. Akafunga gia ya zamani, wakaenda barabarani wote watatu, na nguzo tano zikawa kilomita tano.

Ndipo akamgeukia binti yake.

"Kukosea kuhesabu ni kosa la mkono, na spana hulitengeneza. Kuandika usichokiona ni jambo lingine. Mtu anaendesha gari akiamini maandishi yako, mwanangu, na mbele yake kuna watoto. Usipojua, sema hujui. Hapa kwangu hakuna aliyefukuzwa kwa kutojua."

Chiriku aliuliza, kwa sauti ndogo isiyo yake, boliti ziko wapi.

Fundi akamsukumia ndoo. Ndani mlikuwa na gia nyingine, na kando yake kichupa kipya cha rangi.

Chiriku alihesabu meno mara tatu. Fundi alivuta kigoda, akakaa, akamsubiri.