Mrija wa Mgeni

Siku ya Jumamosi, nyumba ya Mama Enesi huamka mapema. Atuganile, mke wa mwanawe, huteka maji na kuyabandika jikoni. Mama Enesi hukagua ulezi uliochacha kwenye ndoo. Mtoto Gloria hutambaa kati ya vyungu, na kila anayepita humnyanyua na kumsogeza pembeni. Nje, malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, yamepanga foleni barabarani. Rabson, mume wa Atuganile, naye ni dereva wa lori. Mara nyingi huwa safarini Zambia kwa wiki kadhaa.

Mama Enesi anauza kimpumu, pombe ya ulezi. Ulezi uliochacha huwekwa kwenye chungu na kumwagiwa maji ya moto. Watu hukizunguka chungu, wakapokezana mrija na kunyonya. Maji yakipungua, Mama Enesi huongeza mengine.

Hapo kwake kuna desturi moja. Kabla mgeni hajanywa, Mama Enesi huchukua mrija, huvuta funda moja, huufuta kwa kanga, kisha humkabidhi. Maana yake ni kwamba mgeni anywe kwa amani, humo hamna sumu. Akiongeza maji, anaonja tena. Muuzaji asiyeonja hukimbiwa na wateja.

Mwaka ule Korona ilirudi kwa nguvu. Gari la halmashauri lilipita mitaani na kipaza sauti. Watu wavae barakoa, wanawe mikono, wasisongamane. Siku moja Imelda, mhudumu wa afya wa mtaa, alifika.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu. Ila kama umekuja kunifungia biashara, rudi ulikotoka."

"Sijaja kukufungia, mama. Nimekuletea ndoo ya koki na sabuni. Ofisi ya mtaa inawapa wote wanaouza vyakula na vinywaji."

Imelda alitazama ndani ya banda la pombe. Wanaume wanne walikuwa wameinamia chungu kimoja. Vichwa vilikaribia kugusana.

"Mama, mrija mmoja watu wote hawa?"

"Mrija si unaingia kwenye maji ya moto? Korona gani itapona humo?"

"Labda Korona ya chuma!" alisema Mzee Ambakisye, mteja wa siku zote. Wenzake wakacheka.

Imelda naye alicheka. Kisha akauliza, "Mzee, hebu shika mrija hapo juu, unapoweka mdomo. Unaungua?"

Mzee Ambakisye alishika. "Hapana. Vuguvugu tu."

"Basi maji ya moto yako chini, mate yako juu. Na kubwa kuliko hilo ni hewa. Mmeinama pamoja ndani ya banda lisilo na dirisha. Mmoja akikohoa, au akicheka hivyo mlivyocheka, wote mnavuta pumzi yake."

Wanaume waliangaliana. Imelda akamgeukia Mama Enesi.

"Wewe ndiye ninayekuogopea zaidi, mama. Una kisukari. Korona ikimpata mwenye kisukari inaweza kuwa kali sana. Na hapa hakuna mrija usioupitisha mdomoni mwako."

"Nisipoonja, kesho watasema Enesi anawategea watu sumu. Wewe utakuja kuimaliza pombe yote hii peke yako?"

Imelda aliiweka ndoo ya koki karibu na mlango wa banda. "Afya yako nayo ni jambo, mama. Naomba ulifikirie."

Wateja walianza kunawa kwenye ndoo ya koki. Lakini mrija uliendelea kuzunguka, na Mama Enesi aliendelea kuonja.

Wiki iliyofuata Mzee Ambakisye alishikwa na homa. Alipimwa kituo cha afya, akakutwa na Korona. Siku hiyohiyo Imelda alirudi kwa Mama Enesi, pamoja na mtendaji wa mtaa, Bwana Gwamaka. Walivaa barakoa na kusimama uani, mbali kidogo na mlango.

Tangu asubuhi Mama Enesi alikuwa anakohoa. Alikuwa amemwambia Atuganile, "Wakiuliza, sema ni moshi wa kuni."

"Kuna mtu anayejisikia vibaya humu?" Imelda aliuliza.

Atuganile alimtazama mama mkwe wake. Kisha alimtazama Gloria, aliyekuwa amelala mgongoni mwake.

"Mama anakohoa," alisema.

"Mke wa mwanangu, unaniuza?"

"Sikuuzi, mama. Nataka upone. Ukiondoka, mimi hapa nitabaki na nani?"

Mama Enesi alipimwa. Alikuwa na Korona. Atuganile na Gloria hawakukutwa nayo.

"Haya, nifungeni," alisema Mama Enesi. "Wekeni na alama mlangoni, watu wapite wakininyooshea vidole."

"Hatuweki alama, mama," alisema Bwana Gwamaka. "Unapumua vizuri, kwa hiyo utauguzwa hapahapa. Nyinyi msitoke. Maji na unga vitaletwa na kamati ya mtaa."

"Na wateja wangu?"

"Watasubiri. Wakikuzika, watanunua kwa nani?"

Mama Enesi alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Imelda alimweleza Atuganile taratibu. Mama alale chumba chake peke yake, dirisha likiwa wazi. Mtu mmoja tu amhudumie. Akimpelekea chakula, wote wawili wavae barakoa. Akitoka, anawe kwa sabuni. Vyombo vya mgonjwa vioshwe vizuri kwa sabuni.

"Na kujifukiza?" aliuliza Atuganile.

"Mvuke hautibu Korona, dada, na unaweza kumwunguza. Anywe maji, ale vizuri, na dawa za kisukari asiache hata siku moja. Akihema kwa shida, kifua kikimbana, au akianza kuchanganyikiwa, usisubiri. Nipigie palepale. Ukinikosa, piga 199, simu hiyo ni bure."

Kamati ilileta maji kila siku. Gloria alilia mlangoni kwa bibi yake, na bibi alimwimbia kutoka ndani. Kisha asubuhi moja hakuimba. Atuganile alifungua mlango, akamkuta ameketi, anahema haraka. Hakuweza kumaliza sentensi.

Atuganile alimpigia Imelda simu palepale. Imelda alimwarifu Bwana Gwamaka, naye aliita gari la wagonjwa. Mama Enesi alifikishwa hospitali akiwa bado anajitambua, akawekewa oksijeni.

"Mmewahi," muuguzi alimwambia Atuganile kwa simu. "Kwa kisukari chake, mngengoja hadi jioni ingekuwa vigumu."

Siku zile Atuganile alikaa na simu mkononi hata akimnyonyesha Gloria. Hatimaye iliita, na sauti ikawa ya Mama Enesi mwenyewe, nyembamba kama uzi.

"Wewe, ule ulezi umeuanika, au umeuacha uoze?"

Atuganile alilia na kucheka kwa pamoja.

Mama Enesi aliporudi nyumbani, Imelda na Bwana Gwamaka walikuja kumjulia hali.

"Nilikuwa nafikiri kule kitandani," aliwaambia. "Watu hawataki mate yangu. Wanataka kuniona nakunywa kile wanachokunywa wao. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," alisema Imelda.

"Basi nitachota ulezi kwenye ndoo ileile, mbele yao. Nitautia kwenye kikombe changu, na maji ya birika lilelile. Nitakunywa kwa mrija wangu. Kila mteja na kikombe chake, na mrija wake. Bandani asikae mtu."

"Viti viwe uani, vikae mbalimbali," aliongeza Bwana Gwamaka. "Hivyo, ofisi ya mtaa haina tatizo."

Mama Enesi alipopata nguvu, yeye na Atuganile walikwenda kuchanjwa. Jumamosi iliyofuata alifungua biashara.

Dereva mmoja wa Kizambia alifika. "Mulishani, bamayo?" alimjulia hali kwa Kibemba, akamnyooshea mrija wake kwa mazoea.

"Bwino, mwanangu. Huo ni wako peke yako. Wewe nitazame tu hapa."

Alichota, akamimina maji, akanywa mbele yake. Dereva aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa.

Mzee Ambakisye, aliyekuwa amepona, alikuja na kikombe kikubwa kutoka nyumbani. Kwa kuwa viti vilikuwa mbalimbali, watu walizungumza kwa sauti kubwa.

"Tabu ya mpango huu," alipaza sauti Mzee Ambakisye, "mtu hawezi tena kumteta mke wake!"

"Teta tu, nakusikia!" alijibu Agnes, mkewe, kutoka ng'ambo ya uzio.

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Mama Enesi alimpakata Gloria, akacheka hadi mabega yakatikisika, wala hakukohoa.